Kikao cha uyoga Oregon: pesa yako inalipia nini?

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Oregon, jimbo la Marekani linaloruhusu mtu kumeza uyoga wa njozi chini ya usimamizi, hawaiiti huduma hiyo tiba. Kwenye fomu na kwenye nyaraka za Mamlaka ya Afya ya jimbo, neno ni "huduma za silosaibini", kwa jina la kemikali ya uyoga inayoleta njozi. Anayezitoa si daktari, ni mwezeshaji. Anayezipokea si mgonjwa, ni mteja. Wengi wanaogonga hodi wamesukumwa na sonona, wasiwasi usioisha au kiwewe cha miaka, lakini sheria haimdai mtu barua ya daktari, na mwezeshaji haruhusiwi kukupima ugonjwa wala kukuahidi kupona. Ukilishika hilo, bei na mapungufu ya huduma hii vitaeleweka bila tabu.

Wapiga kura wa Oregon walipitisha Hoja namba 109 mnamo Novemba 2020. Miaka miwili ikaishia kwenye kuandika kanuni, maombi ya leseni yakaanza kupokelewa Januari 2023, na wateja wa kwanza wakaingia vituoni katikati ya mwaka huo. Hakuna jimbo jingine la Marekani lililotangulia. Sharti la kuingia ni umri wa miaka 21. Ukazi wa Oregon hauhitajiki, ndiyo maana wateja wengi wanafika na mabegi ya safari.

Bei

Kikao cha mtu mmoja chenye dozi kamili kinaangukia kati ya dola 1,000 na 3,000, na vituo vya kifahari vinapanda zaidi ya hapo. Vikao vya kundi ni nafuu kwa mbali. Bima hailipi hata senti, kwa kuwa kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani silosaibini bado iko kwenye daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, kapu moja na heroini.

Watu wanaona bei hiyo wanadhani uyoga ni ghali. La hasha. Kwenye risiti, uyoga mara nyingi ndio mstari mdogo kuliko yote. Unachonunua ni saa za mtu. Kanuni zinaweka muda wa chini wa kukaa kulingana na dozi: miligramu 10 ni saa nne, 25 ni saa tano, 35 na kuendelea ni saa sita. Hutoki kabla, na mwezeshaji naye hatoki. Chumba hicho hakipati mteja mwingine siku hiyo. Juu yake weka leseni ya kituo iliyowekwa dola 10,000 kwa mwaka, ya mwezeshaji dola 2,000, kodi ya asilimia 15 kwenye bidhaa, halafu sheria ya kodi ya serikali kuu inayomkatalia mfanyabiashara wa dawa za daraja la kwanza kupunguza gharama zake za kawaida kwenye hesabu za mapato. Baadhi ya vituo vilivyofungua kwa shangwe vimeshafunga milango.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "uyoga wenu una nguvu kiasi gani?" bali "nitakaa na nani?" Mafunzo ya mwezeshaji ni saa 120 za darasa na 40 za vitendo, na elimu ya chini inayotakiwa ni ya sekondari. Hilo linazaa mchanganyiko wa ajabu. Leseni ileile anayo muuguzi aliyefanya kazi wodi ya akili miaka ishirini, na anayo pia mtu aliyemaliza kozi mwaka jana akitokea kwenye biashara ya mishumaa. Bei zao zinaweza kulingana. Uliza ameshasimamia vikao vingapi vya dozi unayotaka, alifanya nini mara ya mwisho mteja alipoingiwa na hofu kubwa, na ni nani mwingine atakuwepo jengoni siku hiyo. Akijibu kwa mafumbo ya nishati na ulimwengu, tafuta mwingine.

Kikao cha maandalizi ndicho kipimo

Lazima kifanyike angalau saa 24 kabla ya kumeza, na kisizidi siku 90. Kwenye karatasi kina mambo machache: fomu ya taarifa za mteja, mpango wa usalama, mpango wa usafiri, na ridhaa ya kuguswa. Hili la mwisho linasomeka kama mzaha lakini ni la maana. Ukikubali kwa maandishi, mwezeshaji anaweza kukukumbatia au kukuwekea mkono kwenye viganja, miguu au mabega. Zaidi ya hapo hakuna. Kituo kinachokuambia "tutaona itakavyokuwa" hakijaelewa kazi yake.

Kuna mambo matatu yanayokufungia mlango moja kwa moja: umetumia lithiamu ndani ya siku 30, umewahi kugunduliwa au kutibiwa saikosisi hai (akili kupoteza mguso na uhalisia), au una mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtu. Lithiamu imetajwa kwa jina kwa sababu mchanganyiko wake na silosaibini umehusishwa na degedege. Lakini matatu hayo ni sakafu tu. Kituo makini kitachimba zaidi: kwenu kuna aliyewahi kuugua skizofrenia au ugonjwa wa hisia mbili? Shinikizo lako la damu likoje? Moyo? Unatumia tramadoli, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo? Silosaibini hupandisha shinikizo kwa saa kadhaa, na mwenye ugonjwa wa hisia mbili anaweza kurushwa kwenye wazimu wa furaha unaohitaji hospitali. Maandalizi yakiwa ni simu ya video ya dakika ishirini, mtu anasoma fomu na wewe unaitikia, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna suala linaloharibu vikao vingi kimyakimya, bila kelele wala gari la wagonjwa: dawa za sonona. Anayetumia sertralini, fluoksetini, esitalopramu na ndugu zake, mara nyingi hupata nguvu pungufu ya uyoga, kwa kuwa vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo, ambavyo uyoga unavitafuta vimekwisha kuzoea hali nyingine. Mteja amelipa dola 2,000, anakaa saa mbili akitazama dari, anaona rangi zimechangamka kidogo, basi. Anaomba kuongezewa. Anaongezewa. Bado.

Kwenye majaribio ya kitabibu wagonjwa wengi walipunguziwa dawa taratibu chini ya daktari, wakakaa wiki mbili au zaidi bila dawa kabla ya kupewa dozi. Fluoksetini inahitaji muda mrefu zaidi kwa vile hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Hapa ndipo Oregon inapowaacha watu njia panda: mwezeshaji hana mamlaka ya kukuambia uache dawa, na daktari wako anaweza kugoma kushiriki jambo ambalo serikali kuu inalikataza. Baadhi ya wateja huamua wenyewe, wanakata dawa ghafla wiki moja kabla ya safari. Hili ni kosa kubwa kuliko yote. Kizunguzungu, usingizi kukatika, machozi ya bila sababu na sonona iliyorudi kwa kishindo vinafika nao siku ya kikao, kisha uyoga unasingiziwa. Kama daktari wako hataki kulisimamia, ni heri kwenda na dawa yako mwilini ukubali athari ndogo, au kutokwenda kabisa.

Uyoga wenyewe

Aina inayoruhusiwa ni moja tu, Psilocybe cubensis. Hata Psilocybe azurescens, ambayo kwao ni pwani hiyohiyo ya kaskazini magharibi, kwenye nyasi za mchangani karibu na pale mto Columbia unapoingia baharini, hairuhusiwi kituoni ingawa ina nguvu zaidi. Si ushamba wa watunga kanuni. Uyoga unaoota kwenye mbao, huo ukiwemo, umeripotiwa kuwalegeza baadhi ya walaji misuli kwa saa kadhaa, mtu anashindwa kusimama au kushika kikombe, na kemikali inayosababisha haijathibitishwa. Ndiyo maana vipande vya mbao havitumiki kuoteshea, na samadi nayo imekatazwa.

Bidhaa inafika kituoni ikiwa imefungwa, imepimwa maabara, ina namba ya bechi. Isome lebo mwenyewe. Tuseme unga umeandikwa miligramu 8 za silosaibini kwa kila gramu. Dozi ya miligramu 25 hapo ni gramu 3.1 hivi. Bechi nyingine ya shamba lilelile ikisoma 5, dozi ileile ni gramu 5 kamili. Kwa hiyo mtu akikuambia "nilikula gramu tatu nikaona mbingu," hajakupa habari yoyote ya kutumia.

Sasa angalia namba ya pili, ambayo wateja wengi wanairuka: silosini. Silosaibini ikiingia mwilini inavuliwa kipande chake cha fosfeti na kuwa silosini, na silosini ndiyo inayofanya kazi kwenye ubongo. Uyoga mkavu una zote mbili kwa viwango vinavyobadilika. Lakini kikomo cha Oregon, miligramu 50 kwa kikao kizima pamoja na nyongeza, kinahesabu silosaibini peke yake. Kwa uzito, miligramu 1 ya silosini ni sawa na 1.4 ya silosaibini. Bechi yenye 25 za silosaibini na 5 za silosini itakupiga kama 32. Mwezeshaji mzoefu anafanya hesabu hiyo kichwani kabla hujauliza. Asiyejua atashangaa mbona "dozi ya kawaida" imemtoa mtu jasho.

Rangi ya buluu kwenye shina si uozo, ni silosini iliyoungana na hewa baada ya uyoga kuchubuka. Vituo vingi husaga unga na kuuloweka kwenye maji moto na limau, halafu wanachuja. Chai ya namna hiyo inawahi kupanda kuliko kutafuna, na tumbo linasumbuka kidogo zaidi kwa kuwa nyuzi ngumu za uyoga zimebaki kwenye chujio. Kula chepesi asubuhi, uji au tosti. Ukienda umeshiba chapati na maharage, ndoo iliyo pembeni ya godoro itakuwa na kazi.

Siku yenyewe

Umemeza saa tatu asubuhi. Hadi saa tatu na nusu unapiga miayo, mwili unahisi baridi, ukuta unaanza kupumua. Kati ya saa nne na saa tano uko kileleni: njozi ukifumba macho, kilio kisicho na aibu, kumbukumbu za watu waliokufa, au hofu kwamba hali hii haitaisha. Saa saba mteremko umeanza. Saa tisa wengi wanaweza kula supu na kuongea kwa mpangilio, ingawa uchovu ni kama wa aliyetoka msibani.

Chumba kizuri ni cha kawaida. Godoro au kochi pana, blanketi zito, kifunika macho, muziki usio na maneno uliopangwa upande na kushuka pamoja na dozi. Kagua vitu ambavyo picha za tovuti hazionyeshi. Choo kiko umbali gani, na kuna ngazi? Mtu aliye kileleni hatembei ngazi bila kushikwa. Sauti za nje zinaingia? Dirisha linafunguka kiasi gani? Kwetu choo kina uzito kuliko mapazia ya hariri na harufu za manukato, na hatujutii.

Mwezeshaji mzuri anaongea kidogo mno. Hofu ikipanda anakukumbusha jina lako, anakuambia umekunywa uyoga na muda umebaki kiasi gani, anabadilisha muziki, anakugeuza mkao. Hakutafsirii njozi zako. Yule anayeanza kukueleza kwamba nyoka uliyemwona ni mama yako anajaza hadithi yake ndani ya kichwa kilichofunguka, na hilo huacha madhara ya muda mrefu kuliko kichefuchefu. Yeye mwenyewe haruhusiwi kutumia pamoja nawe.

Hutabeba hata chembe kwenda nayo nyumbani, na huendeshi gari. Jina la atakayekuchukua linaandikwa kabla ya kumeza. Maumivu ya kichwa jioni au kesho yake ni ya kawaida.

Je, inafanya kazi?

Hapa lazima tutenganishe. Majaribio yanayotajwa kwenye matangazo ya vituo mengi hayakutumia uyoga. Yalitumia silosaibini safi ya kiwandani, kwa wagonjwa waliochujwa vikali, na wataalamu wa akili wakiwa pembeni. Jaribio la kampuni ya Compass Pathways lililochapishwa Novemba 2022 lilikuwa na watu 233 wenye sonona sugu kwa dawa, waliogawanywa dozi moja ya miligramu 25, 10 au 1. Baada ya wiki tatu, kwenye kipimo cha sonona chenye alama 60, kundi la 25 lilishuka kwa alama 12, la 10 kwa 7.9, la 1 kwa 5.4. Asilimia 29 ya kundi la 25 walikuwa wametoka kwenye sonona kabisa. Waliobaki na nafuu ya maana hadi wiki ya 12 ni kama mmoja kati ya watano.

Soma vizuri hiyo mmoja kati ya watano. Ni habari njema kwa mtu ambaye dawa zote zimegoma, lakini haifanani na mabango ya "siku moja iliyobadili maisha". Jaribio la hatua ya tatu la kampuni hiyohiyo, lenye watu 258, lilitoa matokeo katikati ya 2025: dozi moja ya 25 dhidi ya dawa bandia, tofauti ya alama 3.6 wiki ya sita. Ipo, ni ya kweli kitakwimu, na ni ndogo kuliko watu walivyotarajia. Jaribio dogo la London la 2021, watu 59, liliweka silosaibini uso kwa uso na esitalopramu, na kwenye kipimo kikuu hazikupishana kwa kiasi cha kuhesabika.

Upande wa pili wa jaribio la 2022 unasemwa kwa sauti ya chini: mawazo ya kujiua au kujidhuru yalijitokeza kwa baadhi ya washiriki katika makundi yote. Hospitali iliwafuatilia. Kituo cha Oregon hakina wajibu wa namna hiyo. Kikao cha ufuatiliaji lazima kipatikane lakini si lazima ukihudhurie, na wateja wengi hukikata ili kupunguza bili. Bora upunguze hoteli. Wiki ya pili na ya tatu, mng'ao ukishafifia na matatizo yakiwa palepale mlangoni, ndipo mtu anapohitaji wa kuongea naye, na awe amepangwa mapema: mshauri nasaha, daktari, au ndugu anayejua ulikwenda wapi.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani

Portland, jiji kubwa la Oregon, ina Wakongo, Warundi na Wasomali wanaozungumza Kiswahili, na wengi wao bado wako kwenye safari ndefu ya makaratasi. Kwao hili linazidi yote yaliyotangulia. Uhamiaji ni wa serikali kuu, si wa Oregon. Kwa jicho la serikali kuu ulichomeza ni dawa haramu, na kukiri kuitumia, bila hata kushtakiwa, kunaweza kuharibu ombi la ukaazi au uraia. Oregon inalinda siri za mteja, sawa, lakini swali la matumizi ya dawa za kulevya utaulizwa wewe mwenyewe, ukiwa umekula kiapo. Muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu ya kwanza ya kituo. Na kama Kiingereza chako ni cha kazini tu, uliza mapema habari ya mkalimani, na mkalimani huyo ahudhurie maandalizi pia.

Kenya na Tanzania silosaibini ni marufuku, kwa hiyo tathmini hii isisomwe kama ruhusa ya kujaribu nyumbani. Na uyoga wa kuokota porini ukiukosea jina hukukosesha ini.

Njia nyingine kwa ufupi. Colorado imefungua vituo vyake 2025, na sheria yake inaruhusu hata kikao nyumbani kwa mteja. Uholanzi ilipiga marufuku uyoga Desemba 2008 ikaacha trufeli, vinundu vya chini ya ardhi vyenye kemikali ileile, zinauzwa dukani. Huko waongozaji hawana leseni ya serikali, kwa hiyo uchunguzi wote ni juu yako. Australia tangu Julai 2023 inamruhusu daktari wa akili aliyeidhinishwa kumwandikia mgonjwa silosaibini kwa sonona sugu. Huko ni tiba kwa maana halisi ya neno, yenye faili na daktari, na gharama yake inaiacha Oregon mbali sana. Mwenye sonona sugu Marekani asisahau pia kwamba esketamini, dawa ya sonona ya kupulizwa puani, ilikubaliwa tangu Machi 2019, na hiyo bima nyingi hulipa.

Kabla ya kutuma amana, uliza swali moja ambalo vituo havipendi: nikifika asubuhi nikabadili mawazo, narudishiwa kiasi gani? Una haki ya kukataa hadi kikombe kikiwa mdomoni. Kituo kinachokula pesa yote ya anayeghairi dakika ya mwisho kinamsukuma mtu mwenye hofu anywe ili asipate hasara, na huyo ndiye hasa asiyepaswa kunywa siku hiyo. Vilivyo bora hukata gharama ya chumba, hurudisha zilizobaki, na kukupangia tarehe nyingine ndani ya zile siku 90. Jibu ulipate kwa maandishi.